Machozi Yangu Kwenye Kesi ya Mbwa wa Bi Stroud

(Barua hizi tatu zinachapishwa pamoja kwa ridhaa ya msichana aliyeandika ya kwanza na ya mwisho; ya katikati ni ya Bi Hortense, anayewashauri wasomaji wa gazeti hili. Majina ya watu na ya kipindi yamebadilishwa.)

Bi Hortense mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi yangu ninayelala naye chumba kimoja, nalo ni hili: siku ile nilipoonyeshwa kwenye televisheni nikilia mahakamani, sikuwa nikimlilia mbwa wa Bi Stroud, wala Bi Stroud mwenyewe. Nilikuwa nalia kwa sababu viatu vilikuwa vinanibana.

Najua hapo utacheka, na mimi ningecheka kama ingekuwa barua ya mtu mwingine, lakini nakuomba usome mpaka mwisho, kwa sababu kuna mzee anafunga duka lake mwisho wa mwezi huu kwa ajili ya machozi hayo, na mimi nimepewa mpaka Alhamisi kuamua kama nitayasemea uongo mbele ya watu wote au la.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwezi wa sita hapa hapa Inglewood. Mimi ni mtu wa aibu, si ya kawaida, ni ile ambayo mwalimu akiita jina langu nilikuwa nasikia masikio yanapata moto. Kwa hiyo jirani yetu aliponiambia kwamba kipindi cha Mbele ya Jaji Quill kinatafuta watu wa kukaa kwenye mabenchi, niliona kazi ya kukaa kimya imeumbwa kwa ajili yangu. Wale watu unaowaona nyuma ya mdai na mdaiwa si wapita njia, Bi Hortense, tunaajiriwa kwa siku, tunaambiwa tuvae kama tunaenda kanisani na tusitafune chochote. Bibi alifurahi kuliko mimi. Tangu alipostaafu kufua mashuka ya hospitali hajakosa kipindi hata kimoja cha Jaji Quill, kila siku saa nane mchana anapiga pasi huku anatoa hukumu yake kabla ya jaji kutoa ya kwake.

Viatu nilivyokuwa navyo ni vya raba tu, basi nikaazima vya shangazi Odile, vyeusi, vya kisigino, vidogo kwangu kwa namba moja. Tulisimama kwenye foleni nje ya studio tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na tulipoingia ndani nikajua jambo ambalo watu wa nyumbani hawalijui. Kabla ya kesi yoyote kuingia, kabla ya jaji mwenyewe kufika, sisi wa mabenchi tunapigwa picha peke yetu. Msimamizi wetu anaitwa Lucius, anasimama mbele na kusema shtukeni, tunashtuka, tikiseni vichwa, tunatikisa, chekeni, tunacheka, na hakuna kinachochekesha. Baadaye wanaokata na kuunga picha wanachukua mshtuko wa asubuhi wanauweka kwenye kesi ya jioni, popote wanapouhitaji.

Ilipofika zamu ya huzuni Lucius akanitazama mimi. Akasema, "Wewe wa gauni la buluu, mwanangu, uso wako ni ukuta. Nimeona kuta zenye huzuni kuliko wewe." Watu wakacheka, safari hii kweli, kisha akaniambia nisimame ili kamera inipate vizuri. Nikasimama juu ya viatu vile, kisigino changu kimoja kilikuwa kimeshachubuka mpaka soksi imeshikana na ngozi, watu sitini wamenigeukia, na machozi yakaanza kutoka yenyewe. Lucius akashusha sauti kama anaongea na ndege asiruke, akasema, "Hapo hapo. Usifute."

Kesi ya Bi Stroud ilikuja baada ya chakula cha mchana. Alimshtaki Bwana Emile Ledoux, mwenye duka la kuogesha na kunyoa mbwa karibu na kituo chetu cha basi, kwamba mashine yake ya kukausha manyoya ilimuua mbwa wake mweupe aitwaye Duchess. Bwana Ledoux alikuja na nakala ya barua ya daktari wa wanyama, aliyoiomba kwa daktari baadaye, imeandikwa wiki tatu kabla ya kifo, inasema moyo wa Duchess umechoka na asipelekwe kuogeshwa. Barua yenyewe Bi Stroud alikuwa nayo siku zote na hakumwonyesha mtu. Jaji Quill aliisoma mara mbili, akamuuliza Bi Stroud maswali matatu, akatoa hukumu kwamba Bwana Ledoux hana kosa. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikasikia kila neno, na nilimwamini yule mzee, na hukumu ilipotoka nadhani nilitabasamu. Tabasamu hilo halikuonyeshwa popote.

Jioni nilikuwa nachechemea kwenye korido, nimevua kiatu kimoja, Bwana Ledoux akanipita, akarudi. Akafungua mkoba wake wa kazi akatoa bendeji, akasema, "Hii ni ya makucha ya mbwa, lakini kisigino hakitajua." Akaniachia roli nzima, akaenda zake.

Kipindi kilirushwa mwezi wa nane. Bi Stroud anasema, "Alikuwa akinisubiri mlangoni kila siku," na hapo naonekana mimi, uso wote, chozi linashuka. Halafu jaji anatoa hukumu ya kumwachia Bwana Ledoux, na naonekana mimi tena, chozi lile lile, kama vile haki imenivunja moyo. Watu walikata kipande hicho wakatumiana mpaka kikafika kwa binamu zetu Lake Charles kule Louisiana. Wakaniita Msichana wa Machozi. Mchungaji alinisimamisha kanisani akasema bado kuna vijana wenye moyo wa nyama. Bibi aliitengenezea fremu picha yangu nikilia akaitundika juu ya meza ya pasi.

Na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, Bi Hortense. Nilifurahi. Maisha yangu yote nimepita katikati ya watu kama hewa, na ghafla wanawake wazima wananishika mikono kwenye duka la vyakula wananiambia nina moyo mzuri, na mimi nainama nasema asante. Nimesema asante mara nyingi sana. Kila asante ilikuwa uongo.

Bwana Ledoux alishinda kesi yake, lakini hapa mtaani alishindwa. Waliandika MUUAJI kwenye kioo cha duka lake. Wateja walihama mmoja mmoja, wengine wakamwambia usoni kwamba hata mtoto asiyemjua mbwa yule alilia. Bibi yangu, ambaye alikuwa akikaa naye meza moja Ijumaa za samaki wa kukaanga kanisani kwa sababu wote wawili ni watu wa Louisiana, alianza kuvuka barabara akimwona. Nilijaribu mara moja kumwambia kwamba jaji alimkuta hana kosa. Bibi akajibu bila kuinua pasi, "Mahakama imemwachia. Machozi ya mtoto wangu hayakumwachia."

Wiki iliyopita nilipita na basi nikaona tangazo mlangoni kwamba anafunga mwisho wa mwezi. Alikuwa ndani peke yake anamchana mbwa wake mwenyewe. Akaniona dirishani, akainua mkono kunisalimia.

Sasa kipindi kimeingia kwenye orodha ya wanaowania tuzo za vipindi vya mchana, kwenye kundi la vipindi vya mahakamani. Kila kipindi kinapeleka siku moja tu ya kupimwa, na wao wamepeleka ya Duchess, kwa ajili ya uso wangu. Mtayarishaji, Bi Corinne Adair, alinipigia mwenyewe. Anataka nirekodi maneno machache ya kuonyeshwa kwa wapiga kura wa tuzo, ameshayaandika, niseme, "Nililia kwa sababu nilimwamini yule mama." Kisha niende ukumbini kukaa meza yao. Akaniambia tuzo ikija kuna kazi ya kudumu ofisini kwao, si ya mabenchi. Nikasema nitafikiri. Akasema, "Fikiria mpaka Alhamisi, mpenzi, lakini usifikiri sana, uso wako unaharibika ukifikiri."

Nataka kukataa, na zaidi ya kukataa nataka Bwana Ledoux asafishwe jina lake. Lakini siku ya kwanza sote tulitia saini karatasi ya siri ya studio, na naogopa kushtakiwa, na naogopa Bibi ataishusha ile picha, na naogopa kusimama mbele ya watu kusema. Nifanye nini? Nakuomba sana usimwambie mtu.

Ni mimi,
Mwenye Viatu

---

Binti yangu Mwenye Viatu,

Nakujibu kwa posta kwanza, kwa sababu Alhamisi haitasubiri siku ya gazeti.

Nimecheka, ndiyo, pale kwenye kisigino. Nilipofika kwa mzee anayemchana mbwa wake mwenyewe sikucheka tena.

Tuanze na lile ambalo si kosa lako. Kulia si kosa. Hukuunga wewe picha zile, na hukuandika wewe lile neno kiooni. Msichana wa miaka kumi na minane aliyesimamishwa juu ya viatu vya shangazi yake mbele ya watu sitini ana haki ya kulia, na aliyekwambia usifute ndiye aliyejua anachofanya. Jivue mzigo huo leo.

Sasa lile ambalo ni lako. Miezi mitatu umepokea sifa zisizo zako, na kila ulipoinama na kusema asante, kuna mtu mwingine alikuwa anapoteza mteja. Umeniandikia kwamba wewe ni mtu wa aibu. Mimi naona aibu yako imekuwa mahali pazuri pa kujificha. Ulikuwa na mdomo wa kusema asante, basi una mdomo wa kusema sivyo. Mzee yule alikupa bendeji yake bila kuuliza wewe ni nani. Wewe unamjua yeye ni nani, unapita na basi.

Nakuuliza jambo moja, na ujijibu kwa sauti hapo ulipo: hiyo karatasi ya siri umeisoma? Sijaona neno hata moja kwenye barua yako la kinachosemwa humo. Unaogopa karatasi usiyoijua, kama mtoto anayeogopa kabati. Jumatano mchana maktaba ya mtaa wako ina mwanasheria wa bure, meza ya nyuma. Nenda na karatasi, mwambie akusomee kila mstari, na usitoke mpaka umeelewa.

Kabla ya hapo, kesho, mwambie Bibi yako. Usimwambie kwa barua wala kupitia shangazi. Mwambie akiwa anapiga pasi, mikono yake ina kazi, itakusaidia wewe na yeye. Anaweza kuishusha picha. Acha aishushe. Amekulea miaka kumi na minane kabla ya picha hiyo.

Kisha mpigie Bi Adair, usingoje Alhamisi yake. Sentensi moja inatosha: sitasema maneno hayo kwa sababu si kweli. Atakuongezea utamu, halafu atakuongezea vitisho. Usijibishane, ni kazi yake ya kila siku na wewe ni siku yako ya kwanza. Rudia sentensi ile ile na ukate simu. Ile kazi ya ofisini isahau, mwanangu, maana utakuwa unalipwa kwa kuulinda uongo huo, na hautakuwa wa mwisho kuombwa.

Halafu nenda dukani kwa Bwana Ledoux mchana kweupe, kwa mguu wako, uingie kwa mlango wa mbele watu wakikuona. Usiende kulia. Amekwisha kuumizwa na machozi yako mara moja. Mwambie ukweli na umuulize yeye anataka ufanye nini, kwa sababu jina ni lake.

Na jambo la mwisho. Tuzo hizo zina kamati inayosimamia kila kinachopelekwa kupimwa, nayo inapokea malalamiko. Mwanasheria akiridhika, waandikie ukurasa mmoja: ulirekodiwa lini, kesi ilisikilizwa lini, uliamini nini. Usiweke maneno ya uchungu, weka saa na mpangilio. Wakikuita useme mbele yao, utakwenda, na masikio yatapata moto, na utasema yakiwa na moto.

Siri yako ninaitunza. Lakini usiniombe niitunze milele, kwa sababu siri hii kuna mtu mwingine anailipia.

Bi Hortense

---

Bi Hortense mpendwa,

Nimefanya yote isipokuwa moja, na hiyo moja ni Jumatatu.

Nilimwambia Bibi akiwa anapiga pasi kama ulivyosema. Alimaliza kola, akamaliza mkono mmoja wa shati, akazima pasi. Nilidhani ataniuliza kwa nini nimekaa kimya. Aliuliza, "Huyo mtu alinisalimia mara ngapi?" Sikujua. Akasema, "Mimi najua. Mara nne. Nilihesabu huku nageuza uso." Hakuishusha picha, aliigeuza tu ikatazama ukuta, akavaa kofia yake ya kanisani siku ya Jumanne, akaniambia nivae raba zangu.

Tuliingia dukani kwa mlango wa mbele. Sauti yangu ilikuwa ndogo, Bwana Ledoux akazima redio ili anisikie, nikamwambia kila kitu. Hakushangaa. Alisema alijua tangu siku kipindi kiliporushwa, kwa sababu aliniona nachechemea huku nafuta machozi kabla kesi yake haijaitwa. Bibi akamuuliza mbona hakusema.

Akasema, "Niseme nini, Bi Clothilde? Kwamba mtoto analia kwa ajili ya viatu? Wangesema mzee huyu hana hata haya, ameua mbwa na sasa anamsingizia msichana."

Bibi akamwambia, "Mimi ningesema hivyo hivyo, wa kwanza." Halafu akamwomba radhi, akiwa amesimama, na sijawahi kumsikia Bibi akimwomba radhi mtu yeyote kwa kirefu namna ile. Nilimuuliza Bwana Ledoux anataka nifanye nini. Alimkuna mbwa wake kichwani. Akasema hataki tuzo ya mtu yeyote ipotee, wala hataki Bi Stroud asumbuliwe, kwa kuwa yule mama alimpenda mbwa wake kweli na woga wa kujilaumu ndio uliomfanya afiche barua. Anataka tu ijulikane kwamba machozi yangu ya siku ile hayakuwa ya mbwa wala ya kosa lake. Na kwamba jaji alisema kweli.

Mwanasheria wa maktaba ni kijana, alikuwa anakula sandwichi. Alisoma karatasi yote, kurasa mbili, akaigeuza kutafuta ya tatu. Inanikataza kusema matokeo ya kesi kabla ya kipindi kurushwa, basi, hakuna kingine. Kilirushwa mwezi wa nane. Miezi mitatu nimeogopa karatasi hiyo, Bi Hortense, na ulisema kweli, sikuwa nimeisoma.

Bi Adair alianza na utamu. Alisema kila mtu ukumbini analia kwa sababu zake na anayetazama ndiye anayeamua maana. Nikarudia sentensi yangu. Akasema, "Hujui unachokitupa." Nikasema najua, nikakata simu, kisha nikaenda kukaa sakafuni bafuni. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Kamati ya tuzo imejibu ukurasa wangu, ambao Bwana Ledoux alikubali niupeleke kwa kuwa hatukuona njia nyingine ya kuutangaza ukweli. Wataniona Jumatatu saa nne asubuhi, watu saba, pamoja na Bwana Ledoux, na wameomba nieleze kwa mdomo, si kwa kusoma. Ukweli ukithibitika wataiondoa siku ya Duchess kwenye mashindano na watatoa tangazo lenye jina lake na sababu. Bwana Ledoux amekubali kutompa mwenye nyumba neno la mwisho la kufunga duka mpaka Jumatatu ipite, lakini mwenye nyumba anataka jibu Jumanne, kwa hiyo hakuna siku nyingine ya mimi kupata ujasiri. Kila jioni nasimama jikoni namweleza Bibi kana kwamba ni watu saba. Jana alinikatiza mara tatu makusudi. Mara ya tatu nikamwambia, "Bibi, sijamaliza." Akasema, "Hiyo sauti. Nenda nayo."

Kamati imesema kipindi kitaarifiwa asubuhi hiyo hiyo, si kabla. Bi Adair akijua mapema atampata Lucius na kila aliyekaa mabenchini, atawaandikia maneno kama alivyoniandikia mimi, na sisi tutakuwa wawili tu.

Ikipita Jumatatu, chapisha barua zote, badilisha majina tu, sitakuwa na cha kuficha. Lakini leo ni Alhamisi tu, wiki moja baada ya ile ya Bi Adair, Bi Hortense. Siku hizi nne naomba uzitunze nami. Tafadhali usimwambie mtu.